Pima Kwanza, Ndipo Utie Maji



Huku kwetu Chamazi, wilaya ya Temeke, jirani yangu mmoja alinunua mashine ndogo ya kutotolesha vifaranga. Fedha alikopa katika kikoba. Mashine ile huchukua mayai 96. Mwezi wa Aprili aliweka mayai 90, yaani trei tatu. Siku ya saba aliyapima kwa mwanga wa tochi, akaondoa 12 yasiyokuwa na mbegu. Yakabaki 78. Wakati huo wateja wawili walikwisha kumlipa fedha za vifaranga ambao bado wamo ndani ya maganda.

Siku ya 21 walitoka vifaranga 31. Tulingoja siku ya 22. Tukangoja siku ya 23. Hawakuongezeka. Mayai 47 yalibaki kimya ndani ya mashine.

Maneno yakaanza. Mmoja alisema ni jicho la watu. Wa pili alisema mayai yalikuwa yamekaa mno. Wa tatu alilaumu umeme. Wa nne alisema, "Vifaranga wamekaukia ndani, mama. Safari ijayo ongeza maji." Jirani yangu alimsikiliza huyo wa nne. Mwezi wa Mei aliweka mayai mengine, akaongeza maji kila asubuhi na kila jioni. Safari hiyo walitoka vifaranga 22 tu. Wateja walitaka fedha zao. Kikoba nacho kilitaka rejesho lake.

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa sababu si la nyumba moja. Nimeliona Mbagala, na nimelisikia kwa wafugaji wa Tegeta na Bunju. Watu wanatia maji katika mashine bila kupima. Maoni yangu ni haya: maji yakizidi huua vifaranga, kama ukavu unavyoua. Kwa hiyo mtu yeyote asitie maji, wala asiyaondoe, kabla hajapima.

Tuliyoyaona ndani ya mayai

Baada ya hasara ya pili tulikaa uani tukapasua mayai kumi kati ya yale yaliyokufa. Harufu haikuwa nzuri, lakini somo lilikuwa kubwa.

Vifaranga wale hawakuwa wamekauka. Walikuwa wakubwa, wamejaa ganda lote. Miili yao ilikuwa imelowa, na ute mzito ulikuwa umewaganda manyoya. Wengine walikuwa wamekwisha kulidonoa ganda, wakafa mdomo ukiwa tundunitunduni. Kiini cha yai kilikuwa hakijaingia chote tumboni, na kitovu kilikuwa wazi. Chumba cha hewa, ile nafasi tupu iliyo upande butu wa yai, kilikuwa kidogo sana.

Hizo si dalili za ukavu. Ni dalili za maji kuzidi. Kifaranga aliyekaukia ndani huonekana vingine. Yeye huwa mdogo na dhaifu. Utando wa yai humshika mwilini kama karatasi iliyogandishwa kwa gundi, na chumba cha hewa huwa kikubwa mno.

Tazama hatari iliyopo hapo. Mtu wa mbali anayeambiwa "wamegandia ndani" hawezi kujua ni kuganda kwa namna gani. Yule jirani wa nne alitoa dawa kabla ya kumtazama mgonjwa.

Yai linapumua

Yai la kuku si kama jiwe. Ganda lake lina vitundu vidogo sana, maelfu kwa maelfu, ambavyo macho yetu hayawezi kuviona. Katika vitundu hivyo maji hutoka kidogo kidogo kama mvuke, na hewa huingia. Kila siku yai hupungua uzito, na chumba cha hewa huongezeka.

Upungufu huo si hasara. Kifaranga anauhitaji. Karibu na siku ya 20 hutoboa utando kwa mdomo wake na kuingiza pua katika chumba cha hewa. Hapo ndipo anapovuta pumzi ya kwanza ya maisha yake. Akiisha kupata nguvu, hudonoa ganda na kutoka.

Sasa fikiri. Kama hewa ndani ya mashine imejaa unyevu tangu siku ya kwanza, maji hayatoki katika yai kwa kadiri inayotakiwa. Chumba cha hewa kinabaki kidogo. Kifaranga anafika siku yake akiwa amebanwa, hewa ni haba, na majimaji yamemzunguka. Anakufa maji ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kipimo kinachokubalika ni hiki. Kuanzia siku ya kwanza mpaka siku ya 18, yai la kuku hupaswa kupungua uzito kwa asilimia 11 mpaka 13. Sisi tushike asilimia 12.

Karatasi iliandikiwa nani?

Mashine ya jirani yangu ilikuja na karatasi ya maelekezo. Karatasi ilisema ajaze mifereji yote ya maji tangu siku ya kwanza. Yeye alijua kusoma. Alisoma na kutenda. Basi karatasi ilisema uongo?

Haikusema uongo. Ila haikuandikwa kwa ajili ya Temeke.

Hewa ya baridi ni kama kikombe, na hewa ya joto ni kama ndoo. Kikombe hujaa kwa maji machache. Ndoo hubeba mengi. Chukua kikombe kilichojaa, ukimimine katika ndoo. Maji ni yale yale, lakini ndoo itaonekana karibu tupu. Hivyo ndivyo hewa inavyofanya inapoingia katika mashine na kupashwa moto.

Chukua mfano wa nchi ya baridi, au wa asubuhi ya Njombe, hewa ikiwa na nyuzi 15 za Sentigredi na unyevu wa asilimia 75. Hewa hiyo ikipashwa moto mpaka nyuzi 37.5, ambazo ndizo joto la mashine yenye feni, unyevu wake hushuka mpaka karibu asilimia 20. Hiyo ni hewa kavu mno kwa mayai. Mfugaji wa huko lazima atie maji. Karatasi inamfaa.

Sasa chukua hewa ya Dar es Salaam wakati wa joto, yenye nyuzi 30 na unyevu ule ule wa asilimia 75. Ikipashwa moto mpaka nyuzi 37.5, unyevu wake hubaki karibu asilimia 49. Na mayai katika siku 18 za kwanza yanataka unyevu wa asilimia 45 mpaka 55. Maana yake ni nini? Maana yake hewa yetu ya pwani inaweza kuleta maji yake yenyewe, bila mtu kumimina hata kikombe kimoja.

Jirani yangu alijaza mifereji mwezi wa Aprili, katikati ya masika, wakati ambapo hata chumvi jikoni hulowa na nguo hushinda kambani bila kukauka. Maji yalizidi unga.

Lakini usifanye haraka ukasema, "Kumbe pwani maji hayatakiwi." Hilo nalo ni kosa. Mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, usiku wa Dar es Salaam unaweza kuwa na nyuzi 20 tu. Hewa hiyo, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 85, ikiingia katika mashine hubaki na asilimia 31 hivi. Hapo mayai yatakauka usipoyasaidia. Mji ni ule ule, mashine ni ile ile, lakini majira yamebadilika. Kwa hiyo sitakuambia "tia maji" wala "usitie maji". Nakuambia pima.

Mizani na daftari

Kipimo kilicho bora kuliko vyote ni yai lenyewe. Unahitaji mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, kama ile wanayotumia wapika keki. Unahitaji pia penseli na daftari.

Siku ya kwanza chagua mayai 10. Yatie alama kwa penseli. Usitumie wino. Yapime yote kwa pamoja na uandike uzito wake. Yai la kuku wa kienyeji huweza kuwa na gramu 45 hivi, basi tuseme mayai yako 10 yana gramu 450.

Asilimia 12 ya 450 ni 54. Gawanya 54 kwa siku 18. Unapata 3. Kwa hiyo mayai hayo 10 yanapaswa kupungua gramu 3 kila siku. Andika hivi katika daftari:

Siku ya kwanza: gramu 450.
Siku 6 zikipita: gramu 432.
Siku 12 zikipita: gramu 414.
Siku 18 zikipita: gramu 396.

Kama mayai yako ni mazito kuliko hayo, au ni mepesi, fanya hesabu yako mwenyewe kwa njia hiyo hiyo.

Siku ya sita pima. Ukikuta uzito umebaki juu, kwa mfano gramu 440, mayai hayapotezi maji ya kutosha. Ondoa maji yaliyomo na ufungue matundu ya hewa. Ukikuta uzito umeshuka mno, kwa mfano gramu 425, hewa ni kavu. Weka chombo kidogo cha maji. Kisha pima tena siku ya kumi na mbili. Ukiondoa yai lisilo na mbegu kati ya yale kumi, pima yaliyobaki na uanzie hapo. Kumbuka kwamba yai moja la gramu 45 hupungua gramu 3 kwa siku 10.

Wengine mna kipima unyevu. Ni chombo kizuri, lakini kipimeni nacho kabla ya kukiamini, kwa maana vingi vya bei nafuu hukosea. Njia ni rahisi. Weka chumvi ya mezani katika kizibo cha chupa. Itie matone machache ya maji mpaka ilowe kama mchanga wa pwani, lakini isiyeyuke yote. Weka kizibo hicho pamoja na kipima unyevu ndani ya chombo chenye mfuniko unaobana, kama kopo la plastiki. Chumvi isikiguse kipimo. Funika na uache mpaka asubuhi. Hewa ya ndani itakuwa na unyevu wa asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, ujue kinapunguza 7. Basi kila unapokisoma, ongeza 7.

Siku tatu za mwisho

Kuanzia siku ya 18 mambo hubadilika. Mayai hayageuzwi tena. Sasa unyevu unatakiwa upande mpaka asilimia 65 au 70, ili utando usikauke wakati kifaranga anapotoboa. Huu ndio wakati wa maji, hata huku pwani.

Watu wengi wakitaka unyevu zaidi hutia maji mengi katika chombo chembamba chenye kina. Haisaidii. Mvuke hutoka juu ya maji. Kinachotakiwa ni upana wa maji, si kina chake. Sahani pana yenye maji kidogo itatoa unyevu kuliko kopo refu lililojaa pomoni. Tia maji ya vuguvugu, ili mashine isipoe. Ukiona bado unyevu hautoshi, weka kitambaa safi ndani ya sahani, upande mmoja ukiwa umelowa na mwingine uko juu.

Yako makosa mawili nawaomba myaache. La kwanza ni kuziba matundu ya hewa kwa vitambaa ili unyevu usitoke. Vifaranga wanaotoka wanavuta hewa kuliko siku zote. Ukiziba matundu, utakuwa na unyevu mzuri na vifaranga waliokosa pumzi. La pili ni kufungua mfuniko kila saa kwa hamu ya kuona. Kila ukifungua, unyevu unakimbia, na utando wa yai lililokwisha kutobolewa unakauka. Kifaranga aliyekwisha toka anaweza kukaa siku nzima bila kula, maana kiini kimo tumboni mwake. Mwache akauke. Tulia.

Wapo watakaobisha

Najua wapo watakaosema, "Kuku hapimi, mbona anaangua?" Ni kweli kuku hapimi. Lakini je, ni nani kati yetu amemwona kuku akichota maji kupeleka kiotani wakati wa masika? Kuku hulalia mayai mahali alipopachagua, mwili wake unayagusa, na kila siku huinuka kwenda kula, mayai yakapata hewa. Sisi tumemwondoa kuku tukaweka sanduku. Kazi aliyokuwa akiifanya kwa maumbile, hatuna budi kuifanya kwa akili.

Wapo watakaosema kupima ni mambo ya watu wenye fedha na maabara. Hapana. Watu wa Misri walitotolesha mayai katika matanuri ya udongo karne nyingi kabla ya umeme. Walikoka moto wa majani makavu na samadi. Kipimajoto hawakuwa nacho. Fundi alichukua yai, akaligusisha kwenye kope la jicho lake, akajua kama lina joto zaidi au pungufu. Nao walipima, kwa chombo walichokuwa nacho.

Wapo pia watakaosema vifaranga hufa kwa sababu nyingine. Hao wanasema kweli. Mayai yaliyokaa zaidi ya wiki moja huangua vibaya. Jogoo mmoja akiwa na majike mengi kupita kiasi, mayai mengi hukosa mbegu. Mayai yasipogeuzwa walau mara tatu kwa siku, mtoto hugandia ubavuni. Joto likipanda mno huua upesi. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, mayai hupoa. Lakini hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuweka daftari. Asiye na daftari atalaumu umeme leo, kesho muuza mayai, keshokutwa jicho la jirani. Mwisho atagombana na watu bure, na vifaranga wataendelea kufa. Mwenye daftari hujua kosa liko wapi.

Mwisho wa habari ya jirani yangu

Mwezi wa Juni hakuweka mayai. Hakuwa na fedha. Mwezi wa Julai watu watano wa kikoba chetu tulichanga, tukanunua mizani moja ya kutumia kwa zamu. Akaweka mayai 90. Siku ya saba aliondoa 10, yakabaki 80. Yale mayai 10 ya alama yalikuwa na gramu 450 siku ya kwanza. Zilipopita siku 6 yalikuwa na gramu 427. Yalitakiwa yawe 432. Maana yake hewa ilikuwa kavu, na safari hii yalipungukiwa maji. Akaweka kibakuli kimoja kidogo. Zilipopita siku 12 yalisoma 412. Zilipopita siku 18 yalisoma 396.

Walitoka vifaranga 64. Mmoja wa wale wateja wawili alirudi. Wa pili hakurudi, na deni la kikoba bado linalipwa. Hasara ya maji haifutiki kwa siku moja.

Maoni yangu kwa wote wanaouza mashine hizi ni kwamba waandike maelekezo kwa Kiswahili, na waseme wazi maji ni kiasi gani kwa mtu wa pwani na kiasi gani kwa mtu wa nyanda za juu, wakati wa masika na wakati wa kipupwe. Maoni yangu kwa kila kikundi kinachotaka kununua mashine kubwa zaidi ni kwamba kinunue mizani kwanza.

Na kwako, ndugu msomaji, nasema hivi. Tulijifunza kusoma ili tusidanganywe. Lakini kusoma karatasi na kuitii si mwisho wa kusoma. Kila karatasi ina mtu iliyemwandikia. Uliza: huyu aliyeandika alikuwa anafikiria hewa ya wapi, na mayai ya nani? Kisha chukua penseli yako, upime, uandike, ujumlishe na kutoa. Karatasi ikipatana na mizani, ifuate. Isipopatana, amini mizani.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini karatasi ya maelekezo inaweza kumfaa mfugaji wa Njombe na kumtia hasara mfugaji wa Temeke?

2. Kifaranga aliyekufa kwa maji kuzidi na kifaranga aliyekufa kwa ukavu wanatofautianaje? Taja dalili mbili za kila mmoja.

3. Mayai 10 yana gramu 500 siku ya kwanza. Yakipungua asilimia 12, yatakuwa na gramu ngapi baada ya siku 18?

4. Katika mtaa wenu, ni kazi gani nyingine ambayo watu hufuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mahali pengine? Mnaweza kuipima kwa njia gani?